Sidii ya Chai kutoka Tukuyu

Chuo cha Ualimu Isunga,
S.L.P. 88,
Tabora.
9 Februari 2003

Mjomba mpendwa,

Ugonile, umelalaje? Huku tumeamka wote, joto peke yake ndilo halikulala. Obed yuko kazini reli, amepungua kidogo lakini anakula. Mtoto ana meno sita na anamng'ata kila anayemsifia. Mama nimemwandikia barua yake peke yake. Ukimwona pale Msasani ya Tukuyu muulize kama imefika. Nyumbani kwa kina Obed nisalimie mama mkwe. Na yule ambaye simtaji, mpelekee salamu kwa njia mnazozijua ninyi. Miaka sita ya ndoa namjua kwa sauti tu, akizungumza na watu wengine uani, au akikohoa nyuma ya migomba ili nipate kupita njia nyingine. Wenzangu wa huku nikiwaambia kwamba kwetu mke hamtazami baba wa mumewe, wala halitamki jina lake, wanacheka. Wanasema, "Mwalimu mzima?"

Sasa shida yangu. Chuo kimeletewa kompyuta tano na projekta moja, ile mashine ya kumulika picha ukutani. Tangu Novemba zimekaa kwenye maboksi, zimefunikwa kitambaa cha meza. Wizara imeandika kwamba mwishoni mwa Mei wakaguzi watakuja kuona mkufunzi, hata mmoja tu, akifundishia vyombo hivyo. Asipopatikana, vinahamishiwa chuo kingine. Kwenye kikao Mkuu wa chuo aliuliza nani anaweza. Wanaume kumi na mmoja wakatazama viatu vyao. Mimi nikasimama nikasema naweza. Mjomba, sikujua hata pa kuwashia. Nadhani nimelirithi kwako hilo.

Tangu siku ile kila alasiri nakaa na kitabu cha maelekezo. Kuwasha najua, kuzima najua, na sidii naweza kuicheza. Kilichobaki ni kwamba sina cha kuonyesha. Nafundisha Kilimo, na mada ya muhula huo ni chai. Wanachuo wangu hawajawahi kuuona mchai hata mmoja. Nikiwachorea ubaoni wanasema ni mchicha. Kuna aliyeandika kwenye mtihani kwamba chai huchimbwa kama karanga.

Kwenye harusi ya Lutengano ulituambia kwamba una kamera ya video. Naomba dakika ishirini za shamba la chai, na mtu anayejua kazi aeleze. Mkuu ameshaniambia mbele ya watu: nikiwaaibisha, narudi kufundisha shule ya msingi nilikotoka.

Mpwa wako,
Tusekile


Makandana, Tukuyu.
3 Machi 2003

Mpwa wangu Tusekile, mwalimu wa walimu,

Ndaga fijo, asante sana. Barua yako ilinikuta nimekaa kibarazani na mvua imekaa barabarani, kila mmoja na sehemu yake. Sisi wazima. Goti la Mama Lutengano limepoa tangu aache kubishana nalo. Migomba imebeba mwaka huu kupita kiasi, mkungu mmoja nimeukata kwa awamu mbili, nusu Jumatatu, nusu Alhamisi. Mama yako nimemwona kanisani. Barua yake imefika, ameisoma mara tatu, ya nne akampa mchungaji.

Ya kwako niliposoma nilicheka peke yangu nikasema, huyu ni damu yangu. Wanaume kumi na mmoja wanatazama viatu! Ndivyo ilivyokuwa mwaka sabini na tisa pale mteremko wa Kiwira, lori la majani ya chai lilipokatika breki. Wote waliruka. Nikabaki mimi katikati ya barabara, nikalikemea: "We! Unakwenda wapi?" Likasimama. Dereva yu hai, unaweza kumuuliza, ila alihamia Malawi.

Kuhusu kamera, ninayo. Nasema ninayo kwa maana kwamba haijawahi kwenda harusini bila mimi. Yupo bwana mmoja hapa mjini, Ackson, huwa ananisaidia kuishika. Tumepiga harusi zote kuanzia Bagamoyo (hii yetu ya Tukuyu, ile ya pwani waachie wenyewe) mpaka Masoko huko. Harusi moja ilinyesha mvua ya mawe, nikaifunika kamera kwa jani la mgomba, nikalitazama wingu, nalo likaelewa. Mbeya siku hizi kuna duka linahamisha picha kutoka kwenye kanda kuingia kwenye sidii, na mapambo wanaongeza. Nimewaambia watutengee siku.

Mtu wa kueleza usihangaike. Meneja wa kiwanda cha chai ni mtu wangu. Juzi alinipungia mkono akiwa ndani ya gari, kioo kimefungwa, lakini tulielewana. Atavaa tai. Atasema Kiingereza na mimi nitasimama pembeni kutafsiri, maana mimi nilifika darasa la sita, na la sita la enzi zile lilikuwa na uzito wake. Umeomba dakika ishirini, nitakupa arobaini.

Mwambie Mkuu wako alale usingizi.

Mjomba wako,
Ambindwile


Tabora.
5 Aprili 2003

Mjomba,

Huku wazima. Mtoto sasa ana meno manane, na Obed anakusalimu.

Nashukuru kwa yote, hata kwa lori. Lakini nijibu mambo machache bila kuzunguka. Meneja amekubali kwa mdomo wake au kwa kioo? Umeshapiga picha? Kama hujapiga, nani atasema? Naomba mtu anayechuma kwa mikono yake mwenyewe. Kuchuma chai ni mikono, tai haina kazi pale. Na sidii inifike mapema, niitazame yote kabla ya wakaguzi. Nimezoea kupanga somo langu, sipendi kushtukizwa mbele ya watu.

Siku imeshatajwa: Jumatano, tarehe 28 Mei, saa nne asubuhi. Mkuu ameshaanza kupima ukuta kwa futi.

Tusekile


Makandana, Tukuyu.
4 Mei 2003

Mwalimu wa walimu,

Ndaga. Hapa tunalima, tunakula, tunazika. Mzee wa Kyimo amezikwa Alhamisi, alikuja mwenzake Obed wa reli, yule Wilson, ndiye nimemkabidhi bahasha yenye sidii. Anapita Dar es Salaam kwanza, halafu treni mpaka kwenu. Nimemwambia akiipoteza asirudi Rungwe.

Picha zimepigwa. Meneja alipata safari ya ghafla, na pale langoni wameweka askari mpya asiye na historia ya mji huu, akatuambia tulete barua kutoka makao makuu. Nikamwambia makao makuu ndiyo mimi. Hakuelewa. Basi nikaona, kwa nini tuhangaike na mtu wa tai wakati wewe mwenyewe unataka mikono? Tukaenda kwa mkulima.

Huyu mkulima, Tusekile, alipewa miche ya kwanza kabisa walipoanza kuwagawia wakulima wadogo. Unajua mambo yalivyokuwa soko lilipoachiwa huria, kampuni zikabadilika, bei ikayumba, watu waking'oa chai na kupanda viazi. Yeye hakung'oa hata mche mmoja. Ukimuuliza anakwambia viazi havina adabu. Anachuma mpaka majani yanamtafuta yenyewe. Nilikaa pembeni kwa mshangao, na mimi si mtu wa kushangaa ovyo.

Jina lake? Mikono haina jina. Tulipatana naye, na yeye ndiye aliyetaka, kamera itazame mikono tu, uso usionekane. Ni mtu wa haya. Nawe ukiicheza tazama mikono, hayo mengine achana nayo.

Mimi mwenyewe sijaitazama, mashine ya kuichezea haipo hapa karibu, lakini Ackson ameisimamia Mbeya mpaka mwisho na amesema imependeza kupita kiasi. Simu ya mkononi bado sijanunua. Mtandao hapa kwetu unashika pale kwenye mgomba wa jirani tu, na jirani hataki watu chini ya mgomba wake.

Ambindwile


Tukuyu, Posta.
21 Mei 2003

Tusekile,

Leo sina salamu. Usiicheze ile sidii. Usiicheze mbele za watu wala peke yako.

Yule mkulima ni baba wa mumeo.

Nilikwenda kwake kwa sababu wengine watatu niliowaomba walikataa, na hakuna anayeijua chai kumpita. Nilimwambia ni kazi yako. Akasema, "Kama ni kazi ya mwanangu, mikono yangu aichukue. Uso hapana." Nikaapa. Tukasema mikono si mtu kamili, hakuna atakayevunjiwa heshima.

Leo asubuhi nimemkuta Ackson hapa nje ya posta, amefurahi. "Mjomba, yule mzee ana sura! Nilimvuta karibu ajaze ukuta mzima, nikamwekea na maua." Nikamuuliza, uso? Akasema, "Sasa bila uso watu watajuaje nani anaoa?" Huyu ni mtu wa harusi, Tusekile, hajui kingine. Na hakujua sidii inakwenda kwa nani. Mimi nilimwambia inakwenda Wizarani. Nilitaka anione mkubwa. Angejua ni ya mkwe wa yule mzee, hata yeye asingethubutu, ni wa kwetu.

Nimepiga simu ya chuo mara nne. Inalia kama iko porini. Nimebaki na kalamu. Kama barua hii itawahi, waambie kompyuta imeharibika.

Mjomba wako


Tabora.
30 Mei 2003

Mjomba,

Sisi wazima. Mtoto amesimama peke yake kwa mara ya kwanza, akashangaa, akakaa. Obed anasalimu. Hali ya hewa nzuri.

Wilson alifika juzi Jumatano yenyewe, saa mbili asubuhi. Reli ilikuwa imekatwa na maji, amekaa njiani siku zote hizo, sidii ameiweka katikati ya Biblia. Wakaguzi walikuwa tayari ofisini kwa Mkuu wakipewa vitafunwa. Nilikimbilia darasani nikaiwasha dakika mbili kuona kama inafunguka. Nikaona kilima, ukungu, mikono inachuma, na kwaya inaimba. Nikamshukuru Kyala, Mungu wetu, nikairudisha mwanzo.

Saa nne waliingia. Wanachuo hamsini na wawili, wakaguzi watatu viti vya nyuma na madaftari yao, na Mkuu mlangoni, kama mtu anayetaka kuwa wa kwanza kutoka. Venance, mwanachuo mmoja mtulivu, nilimweka kwenye kompyuta abonyeze nikimwambia. Mwanzo ulikwenda vizuri. Isipokuwa yalitokea maneno ya dhahabu ukutani, KARIBUNI UKUMBINI, darasa likapiga makofi.

Dakika ya nne kwaya ikanyamaza. Sauti ikasema, "Viazi havina adabu."

Nilikuwa nimewaelekea wanachuo, ukuta uko nyuma yangu. Mjomba, nilikauka. Sauti ile ningeijua hata sokoni. Nilibaki vilevile nilivyokuwa, na darasa likaanza kucheka.

"Mwalimu, mzee ana maua kichwani!"

"Mwalimu, yuko mgongoni kwako!"

Kumbe nimesimama kwenye njia ya mwanga, na uso wake umeniangukia kwenye blauzi. Nikasogea kwa ubavu mpaka dirishani. Kumwambia Venance azime kulikuwa kwepesi, neno moja tu. Ningelisema, kompyuta zingekwenda chuo kingine na mimi shule ya msingi. Na kugeuka pia kulikuwa kwepesi. Huku Tabora nani angejua? Wasingejua hata wakaguzi. Ningejua mimi.

Basi nikasema, "Mimi sitatazama huko. Ninyi ndio mtatazama na kuniambia. Anashika nini?"

"Majani."

"Mangapi?"

"Matatu!"

"Acha wewe, mawili. Lile la katikati bado limejikunja, halijawa jani."

"Yapi anayaacha?"

"Ya chini, magumu."

"Kwa nini?"

Nikamwambia Venance arudishe nyuma kidogo. Sauti ikaeleza, majani mawili na chipukizi lake, mengine yaachwe yalishe mti. Wawili wakaanza kubishana kama kidole gumba kinakata au kinavunja. Nikawaacha. Nikamwambia Venance asimamishe picha pale pale kwenye kidole. Mwaka mzima nimewachorea ubaoni, hakuna aliyewahi kubisha juu ya jani. Juzi walibishana mpaka kengele, na mimi sikuwa nimegeuka. Shingo inaniuma mpaka leo.

Kisha mkaguzi mkubwa, mama mmoja anaitwa Veronika, miwani yake imefungwa kwa kamba, akaniita pembeni. Nilijua nimekwisha.

"Mwalimu, tumepita vyuo saba. Kila tunakokwenda mkufunzi anawasha mashine, halafu anakaa kutazama sinema pamoja na darasa. Wewe hukugeuka hata mara moja. Ulifundishwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Rungwe."

Akaandika. Mkuu amenionyesha ripoti: "Mkufunzi hakuona kwa niaba ya wanachuo. Aliwaacha waone wenyewe." Maua wameyaita "mapambo yasiyo ya lazima". Kompyuta zinabaki, na chumba nimekabidhiwa mimi. Funguo ninazo shingoni hapa ninapoandika.

Obed nilipomwambia alikaa chini kwanza. "Ulimwona?" Nikasema sikumwona. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Ndipo akacheka mpaka akashika ukuta.

Sitakugombeza kwa karatasi. Wewe ni kaka wa mama yangu. Lakini niambie jambo moja: yeye anajua?

Tusekile

Nilikuwa nabandika bahasha, barua yako ya tarehe 21 ikaletwa. Kompyuta imeharibika! Mjomba, ingewahi ningekutii, na sasa hivi ningekuwa nafunga mizigo. Namshukuru Mungu kwa posta yetu.


Makandana, Tukuyu.
24 Juni 2003

Mpwa wangu, mwenye funguo,

Ndaga, ndaga, ndaga fijo. Hapa wazima kuliko tulivyokuwa. Mama Lutengano anasema nimeanza kula tena. Baridi imeingia, asubuhi ukitema mate yanatua yakiwa yamekunja mabega. Mama yako nimemsomea barua yako pale Msasani, akapiga vigelegele, majirani wakadhani umejifungua.

Kwanza nilitaka kukuandikia kwamba mimi nilijua. Kwamba nilimwambia Ackson aweke uso makusudi, ili ufundishe kwa mgongo na kuwashinda wale wa vyuo saba. Nimeuandika ukurasa mzima hivyo, mzuri sana. Mama Lutengano ameusoma na kuuweka jikoni pa kuwashia moto. Basi naandika huu.

Uliniuliza kama anajua. Alijua kabla yako. Ackson alimwendea siku ile ile niliyokuwa posta, kumpongeza kwamba ameonekana vizuri. Tangu hapo baba wa Obed hakuonekana kanisani. Hata kwenye mizani ya chai hakwenda, majani yake aliyapeleka jirani. Mama mkwe wako alimwambia mkeo Mama Lutengano, namaanisha mke wangu, ona kalamu inavyoteleza, kwamba mzee anasema, "Nimemvua mwanangu heshima mbele ya wageni, na yeye yuko ugenini." Ndicho alichokuwa anasema, asubuhi na jioni.

Na mimi nilikuwa wapi? Wiki tatu nilikuwa napita njia ya mtoni nisikutane naye. Mimi, niliyelikemea lori.

Barua yako ilipofika nilikwenda nayo. Nilimkuta shambani, kati ya mistari ya chai, ukungu umemfika kiunoni. Hakuinua uso.

"Ambindwile, umekuja na kamera tena?"

"Nimekuja na barua, baba."

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye sauti, akaacha kuchuma. Nilipofika kwenye blauzi, akakaa chini kwenye majani yenye umande. Nilipofika pale Obed anapouliza na wewe unajibu, akaninyooshea kidole.

"Rudia."

Nikarudia: sikumwona.

"Hata kidogo?"

"Imeandikwa hapa, hata kidogo."

"Hata niliposema habari ya viazi?"

"Hapo ndipo alipokauka kabisa."

Halafu bega moja likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mzee yule mpaka kofia ikaanguka, akasema, "Watu hamsini na sita wamenitazama meno, mwanangu peke yake ndiye hakunitazama!" Mimi sikucheka, macho yangu yalikuwa na maji. Ukungu wa kule shambani kwake ni mkali.

Tulipomaliza akauliza, "Na chai, waliielewa?" Nikamwambia walibishana mpaka kengele, juu ya kidole gumba chake. Akakitazama kile kidole, akakigeuza huku na huku, kama mtu aliyeletewa kipya.

Jumapili alikuja kanisani. Aliimba sauti ya chini mpaka mabenchi yakaitikia, na hili silitii chumvi, muulize mchungaji.

Sasa sikia. Julai ni kupogoa, na anasema mtu akijua kuchuma bila kujua kupogoa hajajua kitu. Anataka kukupelekea sidii ya pili. Nikamwambia, baba, Ackson huyu huyu? Akasema, "Ackson huyu huyu. Safari hii nitaipa kamera mgongo tangu mwanzo mpaka mwisho, atafute uso mpaka achoke." Nikaona nisiharakishe tena kwa akili zangu, nikaenda kumuuliza mama yako kama mkwe anaruhusiwa kuutazama mgongo. Dada yangu Prisca akafikiri, akamuuliza mama mkwe wako, wakafikiri wote wawili na kahawa juu yake. Wakasema inafaa, maana yeye mwenyewe ndiye ameugeuza.

La mwisho, naandika kabla Mama Lutengano hajaamua kuniamuru. Kamera ni ya Ackson. Mimi huwa nashika waya watu wasijikwae. Lakini waya ukikatika, Tusekile, hakuna harusi.

Mjomba wako,
Ambindwile


Tabora.
14 Septemba 2003

Mjomba mpendwa,

Ugonile. Sisi wazima, mtoto anatembea na hakuna kitu kilicho salama nyumbani. Obed amenenepa. Wakufunzi watano sasa wanakuja chumbani kwangu kujifunza, na wale wanaume waliotazama viatu ni watatu kati yao. Nawafundisha kwanza kusimama mahali wasipouona ukuta. Wanalalamika shingo. Sijawaambia chanzo chake.

Waya niliujua tangu harusi ya Lutengano, Mjomba. Nilikuona umeushika. Niliomba kamera nikijua utaipata.

Sidii ya pili imefika, safari hii siku sita tu. Wiki nzima imekaa mezani kwangu. Nilipanga niicheze darasani kama ile ya kwanza, lakini jana mchana, chuo kimetulia, nilifunga mlango nikaiwasha peke yangu. Hakuna maua, mpe Ackson hongera. Mwanzoni ni mistari ya chai, na pembeni kwenye migomba hakuna mtu. Kisha, kabla hajaingia kwenye picha, nikamsikia anakohoa mara mbili.

Nilikuwa nimeshasimama na kushika kitasa nimpishe, kama nilivyozoea pale uani. Halafu nikakumbuka. Nikarudi nikakaa, nikautazama mgongo wa baba yangu mpaka mwisho wa mstari.

Tusekile